Kuni Zilizoibwa Kwenye Karatasi

Ninyi mnaoanza uhasibu sasa mna bahati mbaya moja: kompyuta inawajumlishia kabla hamjashtuka. Sisi tulijumlisha kwa penseli, safu baada ya safu, na katikati ya safu mtu alipata nafasi ya kujiuliza, hivi namba hii imetoka wapi? Mimi nilijiuliza kupita kiasi. Nyumbani Kanazi mama alisema nilizaliwa nikiuliza. Darasa la dini nilitaka kujua kwa nini zaka ni moja ya kumi na si moja ya kumi na moja, nikapewa jembe nikapalilie kahawa ya parokia. Chuo kikuu Dar es Salaam hakikunitibu. Kilinipa shahada tu, nikarudi Ngara miaka ile ya wakimbizi, na maswali yangu sasa yakiwa na cheti.

Nimestaafu, lakini msitarajie utulivu. Kazi hii bado inanipandisha mapigo ya moyo. Watu hudhani uhasibu ni kuhesabu kilichopo. Laiti! Uhasibu ni kubishana kuhusu kilichopo, na mshindi ndiye anayeandika namba.

Miaka ile wilaya ilikuwa imepinduka. Kambini Lukole palikuwa na watu kuliko mji wowote niliokuwa nimeuona huku kwetu, na mahindi ya msaada hayapikwi kwa jua. Kampuni iliyoniajiri ilikuwa na kazi moja. Ilinunua kuni upande wa Biharamulo, ikazilundika kwenye yadi yetu Kasulo zikauke, kisha ikazipeleka kambini kwa mkataba. Ofisi yetu ilikuwa kontena lililotobolewa dirisha. Mchana tuliokwa humo kama mikate.

Mhasibu mkuu alikuwa Mzee Masanja, Msukuma wa Mwanza aliyebakiza miaka michache kustaafu. Siku yangu ya kwanza hakunionyesha hata kiti.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Msomi. Faida ni nini?"

"Mapato, toa matumizi."

"Hiyo umeisoma. Haya, niulize mimi."

"Faida ni nini, Mzee?"

"Ya nani? Ya benki au ya kodi?"

Nilidhani nimeajiriwa na majambazi. Nikamwambia hivyo hivyo, kwamba vitabu viwili ni wizi. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Kaa chini, mtoto wa Wahangaza. Lori lile jipya litaishi miaka mingapi?"

"Sijui. Kumi?"

"Barabara hizi? Tuseme minane. Basi kwenye kitabu chetu kila mwaka tunakata sehemu moja ya nane ya bei yake, kwa sababu linachakaa. Lakini sheria ya kodi ina kiwango chake cha kukata, haiulizi barabara yako. Mwanzoni yenyewe inakata kwa haraka. Kwa hiyo mwaka huu faida ya kitabu ni kubwa na faida ya kodi ni ndogo. Nani kaiba hapo?"

Hakuna aliyeiba! Sikulala vizuri kwa furaha. Kampuni moja, mwaka mmoja, faida mbili, na zote halali! Kumbukeni hili kabla hamjamwita mtu mwizi: faida ya kitabu na faida ya kodi hazikuumbwa zifanane. Swali la mhasibu si kwa nini zinatofautiana. Swali ni tofauti hiyo imetokana na sheria, au imetokana na mtu.

Mzee Masanja alinifundisha na pale ambapo mtu huingiza mkono. Injini mpya, kwa mfano. Ukiiandika "matengenezo", gharama yote inaingia mwaka huu na faida inashuka. Ukiiandika "mali", unaikata kidogo kidogo kwa miaka, na faida ya leo inabaki nene. Nimewahi kuona injini ileile moja ikiwa matengenezo asubuhi na mali baada ya chakula cha mchana, kwa sababu benki ilipiga simu.

Halafu kuna Desemba. Jamani, Desemba! Mapato yetu yalihesabiwa pale mlinzi wa geti la kambi alipogonga muhuri kwenye hati ya mapokezi. Bila muhuri, hujauza. Basi mwaka mmoja Mkurugenzi wetu alitaka faida ndogo, na malori manne yaliyojaa kuni yakakaa yadini siku tatu "yakisubiri spea". Madereva walichoma mbuzi. Mwaka uliofuata alitaka faida kubwa, na siku ya mwisho ya mwaka mvua ikanyesha. Lori la mwisho likazama kwenye tope, geti linafungwa saa kumi. Nilishuka na viatu vyangu vya kanisani nikasukuma pamoja na wapakiaji.

"Dada Mhasibu," dereva alipiga kelele dirishani, "hii faida yenu nzito!"

"Kanyaga mafuta wewe!"

Tulifika saa kumi kasoro dakika tano. Muhuri ulipogongwa nilirukaruka kama shabiki wa mpira. Njiani kurudi, nikijikwangua tope, nikaanza kujihoji. Kuni zimeongezeka? Hata kijiti kimoja. Faida ilikuwa imehama tu kutoka Januari kuja Desemba, na Januari ilikuja imekonda kama mbwa wa mjane. Hiyo ndiyo mbinu yangu ya kwanza ninayowaachia: ukitaka kujua kampuni ilifanya nini Desemba, fungua hati za Januari.

Lakini sikukaa kuwaandikia kwa ajili ya tope. Nataka kuwasimulia kosa langu.

Mtunza yadi wetu aliitwa Mzee Ndayizeye. Alivuka kutoka Burundi akiwa kijana, katika wimbi la zamani, muda mrefu kabla ya hili la Lukole. Alioa kwetu, akafungua shamba Kasulo, watoto wake wakabatizwa na kusoma hapa hapa. Lakini miaka ile barabara zilikuwa na vizuizi, na mtu mwenye lafudhi yake aliulizwa mara mbili anakotoka. Kilichomtetea ni jina lake. Kuanzia padri hadi mama ntilie, kila mtu angesema, yule? Yule ni mtu mwaminifu.

Alikuwa na ufundi wake wa kupanga kuni. Safu moja ilikwenda urefu, inayofuata upana, na katikati aliacha njia za hewa ili zikauke. Siku moja nilipitisha mkono ndani ya rundo mpaka begani.

"Mzee, humu ndani kuna nini?"

"Upepo."

"Na utepe wa kupimia tunapouzungusha nje, tunaupima na upepo?"

"Ego, ndiyo. Tunaupima ukija, tunaupima ukienda. Wa Biharamulo wanatuuzia nao, sisi kambini tunauza nao. Lori likijaa limejaa, mwanangu."

Alinipa jibu lote pale pale. Mimi sikulisikia, maana akili yangu ilikuwa imeshakimbia mbele. Nikachagua rundo moja lililosoma mita za ujazo ishirini kwa utepe. Nikawaomba wapakiaji walivunje, wafunge kuni mizigo mizigo kwa kamba, wakaze kabisa, halafu tukapima mizigo. Kumi na tano! Mita tano zimeyeyuka mchana kweupe! Nilikimbia hadi ofisini.

"Mzee Masanja! Robo ya yadi yetu ni hewa!"

Aliacha kuchonga penseli. "Usimwambie Mkurugenzi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu atafurahi."

Nikamwambia. Ningewezaje kunyamaza? Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nimegundua kitu.

Mjue kwanza kwa nini alifurahi. Chukua kuni zote ulizonunua mwaka mzima, toa zilizobaki yadini siku ya mwisho. Jibu ndilo gharama ya zile ulizouza. Ukisema zimebaki nyingi, gharama inashuka na faida inapanda. Ukisema zimebaki chache, gharama inapanda, faida inashuka, na kodi inaifuata chini. Mkurugenzi mwaka huo alitaka vyote viwili: mkopo wa malori mapya kutoka benki, na kodi ndogo.

"Benki tutawapimia kwa utepe," alisema, akitembea kontena zima kwa hatua tatu na kurudi. "Kodi tutawapimia kwa mizigo. Rundo lilelile! Dada, umeniletea hazina."

"Lakini leja inasema ishirini. Kwenye hesabu za kodi nikiandika kumi na tano, tano zimekwenda wapi?"

"Zimeibwa. Huoni tulipo? Karibu na kambi nani atabisha?"

Ni kweli, karibu na kambi neno wizi halikudaiwa ushahidi. Nami, niliyembishia hadi mwalimu wa dini, sikubisha. Nilikaa kwenye taipureta nikaandika barua kwa niaba ya mtunza yadi, kwamba anakiri robo ya kuni zilizokuwa mikononi mwake imeibwa. Nikampelekea Mzee Ndayizeye akiwa anapima lori.

"Sahihi yako hapa, Mzee. Mambo ya karatasi tu, ya kufunga mwaka."

"Wewe ni binti wa Kanazi," alisema, "baba yako nimekunywa naye." Akaegemea boneti, akaandika jina lake lote, herufi kwa herufi, bila kusoma neno lililo juu yake.

Nilirudi ofisini nikipiga mluzi.

Afisa wa kodi alitoka Bukoba miezi michache baadaye. Alikuwa mtu mwembamba, hanywi soda ya ofisi anayoikagua. Alisoma barua ile mara mbili.

"Wizi wa robo ya yadi nzima, na hakuna ripoti ya polisi? Siwezi kuikubali hasara hii. Mna mpaka kesho mchana, kisha naondoka."

Ilikuwa Ijumaa. Mkurugenzi aliniita pembeni. "Mwambie atapata nakala kwa posta. Jumatatu tunaripoti polisi."

"Tunamripoti nani?"

"Aliyekiri ni nani?"

"Lakini hakuiba!"

"Najua. Atalala ndani siku mbili, tatu, tutamtoa. Nitampa na mbuzi."

"Na wakimuuliza uraia, Mkurugenzi? Wakisema si wa hapa?"

Alitazama saa yake. "Hayo si mambo ya hesabu."

Jioni ile, ili mambo yafanane na karatasi, mlinzi aliagizwa ampekue Mzee Ndayizeye mfuko anapotoka. Alipekuliwa mbele ya wapakiaji wote. Mfukoni mlikuwa na kopo la uji, tupu. Kabla giza halijaingia, Kasulo yote ilikuwa na habari.

Mzee Masanja alifunga leja zake polepole. "Msomi, hasara ni kama mgeni. Ukishaiumba lazima ipate pa kulala. Uliuliza italala kwa nani?"

Sikuuliza. Katika maswali yote ya maisha yangu, hilo ndilo nililoliruka.

Asubuhi nilikwenda nyumbani kwake. Alikuwa anatoa majani makavu kwenye migomba, na alipoitikia shikamoo yangu hakusimamisha kisu. Nikamweleza kila kitu, barua inasema nini, nani aliitunga, Jumatatu kuna nini.

"Umeniandika mwizi," alisema.

"Ndiyo, Mzee."

"Kwa mkono wangu mwenyewe."

"Ndiyo."

Mke wake, aliyekuwa anapepeta maharage, aliinuka akaingia ndani. Mzee Ndayizeye alifuta kisu kwenye jani. Nilingoja matusi. Badala yake alisema, "Lile rundo ulilolifunga mizigo bado lipo?"

"Lipo. Kumi na tano."

"Mlete bwana wa kodi. Na lori moja tupu, na vijana wote waliokuwepo jana. Hakuna kingine unachoweza kunifanyia leo."

Vijana wenzangu, nimeshuhudia ukaguzi mwingi mjini, wenye viyoyozi na chupa za maji. Hakuna uliowahi kunitetemesha kama ule! Afisa alikuja na daftari lake, akiwa tayari kwa safari. Wapakiaji wakasimama wamekunja mikono, maana walikuja kumtazama mwizi. Mzee Ndayizeye akakata kamba ya mzigo wa kwanza.

"Pakieni," aliwaambia. "Kama tunavyopakia kila siku ya kwenda kambini. Asinisaidie mtu, asinionee mtu."

Wakaanza. Safu urefu, safu upana. Mimi nilishika utepe upande mmoja, afisa upande mwingine. Kuni zilipanda ubavuni mwa lori. Kumi. Kumi na tatu. Mizigo iliyobaki chini ilikuwa bado mingi, na wapakiaji wakaanza kutazamana. Kumi na tano, na chini kuna rundo! Mmoja akapiga mbinja. Kumi na saba. Kumi na nane. Sasa walikuwa wanahesabu pamoja kwa sauti, "Kumi na tisaaa!" na ukuni wa mwisho ulipowekwa juu, afisa mwenyewe alipanda tairi kusoma utepe.

"Ishirini," alisema. "Na vidole viwili juu."

Yadi ililipuka kwa kelele. Afisa alipenyeza mkono kwenye kuni. "Na humu ndani?"

"Upepo, bwana mkubwa," alisema Mzee Ndayizeye. "Tuliununua Biharamulo."

Afisa alicheka kwa mara ya kwanza tangu aje. Kisha alikoma. Mkurugenzi alikuwa ameshafika, amesimama kando ya gari lake, mlango wazi.

"Mmenunua kwa kipimo hiki," afisa alisema, "mnauza kwa kipimo hiki, ila siku ya kodi tu mnapima kwa kingine. Nani aliandika kuna wizi?"

Mkurugenzi alinitazama mimi. Mzee Masanja alitazama viatu vyake.

"Mimi," nilisema.

"Ulimwona mwizi?"

"Hakuna mwizi. Hakuna hata ukuni uliopotea."

Afisa alikata barua ile kwa mistari miwili ya kalamu, akamrudishia Mzee Ndayizeye mkononi, si mimi. Hasara ikakataliwa yote. "Hesabu mpya nizipate Jumatatu ijayo," alisema, "na zisainiwe na huyu binti." Hivyo ndivyo nilivyonusurika kufukuzwa. Mkurugenzi alinisogelea, akasema taratibu, "Umenigharimu lori zima, Dada," akaondoka. Kodi ililipwa. Kampuni haikufa. Siku hizi nikisikia mtu anasema bila ujanja kidogo biashara haiendi, namuuliza amejaribu mara ngapi.

Mngetaka niishie hapo, na mimi ningetaka. Nilidhani yamekwisha. Nilimsogelea Mzee Ndayizeye nikitabasamu, nusura nimshike mkono.

"Oya, bado," alisema. "Waliopo hapa wameona. Je, waliosikia jana jioni? Mwenye duka keshanikatalia mkopo wa sukari. Kesho wanangu wanakaa benchi gani kanisani?"

"Nifanye nini, Mzee?"

"Una mashine ya kuandika. Si unajua kuandika barua za watu? Andika yako."

Niliichapa siku ileile. Nilirudia mara nne, kwa sababu kila mara nilijikuta nimeandika "yalitokea makosa", kana kwamba makosa hutembea yenyewe. Mzee Masanja alisoma juu ya bega langu na kugonga karatasi kwa penseli: "Aliyefanya ni nani? Mtaje." Ya nne ilianza na jina langu.

Jumapili, baada ya misa, katekista alipomaliza matangazo ya ndoa na ya zamu ya kufagia, aliniita mbele. Kigango kilijaa mpaka nje. Nilisoma kwa Kiswahili, kisha nikaanza upya kwa Kihangaza, kwa sababu akina mama wa benchi za nyuma walikuwa wananong'onezana. Nilisema nimesoma mpaka chuo kikuu, nikaandika uongo juu ya mtu mzima ili kampuni ilipe kodi kidogo, na kwamba kuni zote zipo.

Kisha bibi mmoja wa nyuma, mkono sikioni, akauliza, "Kwa hiyo hakuiba?"

"Hakuiba, Bibi."

"Sema kwa nguvu."

"HAKUIBA!"

Mzee Ndayizeye aliinuka kutoka benchi la tatu, mke wake upande mmoja, wanawe nyuma. Kwa kawaida watu hungoja padri atangulie kutoka. Siku hiyo padri mwenyewe alibaki amesimama. Mzee alishika kofia yake, akapita katikati ya kanisa polepole sana, benchi kwa benchi, ili kila mtu apate nafasi ya kumtazama usoni, na mlangoni akavaa kofia, akatoka juani.